Mtu Aliyekuuzia Kifo cha Mumeo

Dada yangu Kokushubila, uliyelala Kibeta mbali na mwanao,

Ulinikataza kuandika habari hii. Ulinikataza ukiwa umekaa mlangoni kwangu unachambua maharage, wala hukuinua uso. Ulisema, "Andika juu ya kahawa, andika juu ya kodi, wagombeze wanunuzi na machifu mpaka wino ukuishie. Mimi si kahawa. Usiniweke gazetini." Nikakuitikia. Ahadi hiyo nimekaa nayo tangu tulipokuzika, na leo naivunja mbele ya kila mtu anayejua kusoma. Sababu nitakupa. Lakini kwanza acha nikumbuke nawe, kwa maana hajabaki mwingine wa kukumbuka nami.

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa maji siku walipomchukua Kaijage. Vita ya Wazungu ilikuwa imefika huku kwetu, na askari walipita Izigo wakikusanya wanaume wenye mabega ya kubeba mizigo ya jeshi. Mumeo alikuwa anakata majani makavu ya migomba. Walimwambia aje kama alivyo. Hakulia wala hakuhutubia. Alikukabidhi panga lake akasema, "Usimwazime mtu." Akaenda, akageuka mara moja pale penye mteremko, akaonyesha kwa kidole lile panga mkononi mwako, kana kwamba ulikuwa tayari umeshamwazima mtu. Ukacheka. Ulikuwa na mimba na ulicheka, mimi niliona.

Mtoto alizaliwa, akakaa, akaanza kusimama akishika ukuta. Homa iliyokuja baada ya vita ikamchukua pamoja na nusu ya watoto wa kijiji. Mlimzika pembeni mwa kibanja, chini ya mbuni, kama sisi Wahaya tunavyowazika watu wetu katika migomba yetu wenyewe, ili anayelima awe anapita karibu nao. Toka siku hiyo kibanja kile hakikuwa tena ndizi na kahawa tu kwako.

Wabeba mizigo wachache walirudi. Walirudi na miguu iliyovimba na macho yasiyotulia mahali. Mmoja alisema alimwona Kaijage hospitali. Mwingine alisema alimwona njiani, amekaa chini. Mwingine alisema yote mawili kwa siku moja, na wewe ukamnyang'anya kibuyu cha rubisi ukamwambia aende akalewe kwao. Serikali haikusema kitu. Ile iliyojua kuhesabu wanaume wakati wa kuwachukua ilisahau hesabu wakati wa kuwarudisha. Hakuja mtu kutoka boma kusema yu hai, wala kusema amekufa, wala kusema hatujui. Nataka wasomaji walishike neno hili, kwa sababu ndipo ubaya wote ulipoingilia: waliokuwa na wajibu wa kukujibu walikaa kimya, na ukimya wao ukawa mlango ulioachwa wazi.

Shemeji yako Ishengoma, mdogo wa Kaijage, alikuja na wazee wa ukoo. Namsikia bado kwa sauti yake ile ya kubembeleza, na lile neno letu la heshima, waitu.

"Mke wetu, tumfanyie mwenzetu matanga. Apumzike, nasi tupumzike."

"Nani amekufa?"

"Kaijage, waitu."

"Hajafa. Amechelewa."

Maneno mawili tu. Walirudi mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine, ukawajibu yale yale, mpaka watoto wa jirani wakawa wanayatumia kwa mtu yeyote asiyefika kwa wakati. Watu walidhani ni ukaidi wa mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini hukuwa mwanamke wa mapenzi peke yake. Ulijua vizuri desturi yetu inavyosema. Mwanamke asiye na mtoto hana kibanja, ana mume mwenye kibanja. Mume akiwa safarini, mkono wake uko juu ya migomba hata akikaa huko miaka. Mume akishaliliwa, ukoo unakaa, mrithi anatajwa, na mrithi huwa ni ndugu. Kwa hiyo "amechelewa" lilikuwa ua uliouzungushia kaburi la mwanao. Ishengoma alilijua hilo, nawe ulijua kwamba analijua, na mliendelea kusalimiana vizuri sana.

Mimi nikakua, nikasoma misheni, nikawa mwalimu Bukoba mjini. Nikasoma vitabu kuliko ilivyokuwa lazima, nikaanza kugombana na watu magazetini. Nilipokuja Izigo ulinipikia ndizi na senene ukaniuliza, "Umemtukana nani safari hii?" Nikikusomea, ulisikiliza mpaka mwisho kisha ukasema, "Vizuri. Na bei ya kahawa imepanda?" Haikuwa imepanda.

Kisha akaja yule wa baiskeli. Haya sikuyaona, uliyanisimulia baadaye kidogokidogo, mwaka hadi mwaka, kila mara ukiongeza kipande na kunikataza kuuliza zaidi. Leo nayaweka pamoja.

Alikuja mchana, amevaa kaki na chepeo, na mkoba wa ngozi kifuani. Alijiita Karani Zakaria. Kwa jirani wa mwanzo aliomba maji ya kunywa, na kwa maji yale akapata habari zote alizozihitaji, maana sisi tukimpa mgeni maji humpa na maneno. Alipofika kwako alikuwa tayari ni ndugu.

"Hodi! Hapa ndipo kwa mke wetu?"

"Mke wenu wa wapi? Mimi nina mume mmoja."

"Na huyo mmoja ana ndugu wangapi? Niwekee kiti, shemeji, baiskeli imenivunja mgongo."

Akataja ukoo wa Kaijage. Akamtaja na mnyama wao wa mwiko, bila kuulizwa. Ukacheka, ukamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama inavyompasa mgeni wa ukoo, naye akachukua punje, akatafuna, akaisifu. Watu wa mjini walinicheka niliposema kwamba hapo ndipo ulipofungwa mikono, lakini watu wa kwetu wananielewa. Mtu wa ukoo wa mumeo amekuita mke wetu, amekutania, ametafuna kahawa yako. Utamwambiaje sasa akuonyeshe hati ya kazi yake? Ungemwambia hivyo ungekuwa umemtukana Kaijage mwenyewe. Mwizi mwingine huvunja mlango. Huyu aliingia kwa adabu yetu, akaifunga kwa ndani.

Akafungua mkoba. Alisema Serikali ya Mwingereza imekumbuka wabeba mizigo wake. Mishahara ya waliofia vitani, iliyokuwa imelala miaka yote, sasa inarudishwa kwa wenyewe. Alikuwa na karatasi ndefu.

"Shida ni majina," alisema. "Wazungu waliandika kama walivyosikia. Hapa nina Kahigi, nina Kaigaje, nina Kaijuki. Wa kwako yupi? Mtaje vizuri, nisije nikampa mtu mwingine haki yake."

Ukamtaja. Na baba yake? Ukamtaja. Alichukuliwa wapi, wakati wa kazi gani? Ukasema yote, hata panga. Naye akawa anashusha kidole kwenye karatasi polepole, anarudi juu, anashuka tena. Kisha akavua chepeo akakiweka juu ya goti.

Dada, ulinambia kwamba kabla hajafungua mdomo ulikuwa umekwisha kujua. Kofia tu. Kofia ilitosha.

Alisema Kaijage alikufa kwa kuhara damu, upande wa kusini, karibu na mto mkubwa, akazikwa na wenzake. Nawe hukukubali kijinga. Ulimuuliza, "Alikuwa na alama gani mwilini?" Naye akajibu, "Shemeji, mimi nilimwona katika karatasi, sikumwona kwa macho. Nikikuambia alama nitakuwa nakudanganya." Ona alivyokuwa fundi! Alijipatia uaminifu kwa kukiri kuwa hajui. Ndipo ukauliza la pili, na hili ndilo lililokumaliza.

"Alisema neno?"

Akainama kwenye karatasi. "Imeandikwa hapa: alitaja nyumbani."

Wanaosema ulitamani pesa waje waniambie mimi. Mtu yule hakukuuzia pesa. Alikuuzia kifo cha mumeo, kikiwa na mto, na kaburi, na neno la mwisho, vitu ambavyo serikali mbili na misheni zote hazikukupa bure. Miaka yote ile ulikuwa umemshikilia Kaijage kwa mikono miwili njiani asianguke. Mtu anakuja anasema, mwache, alishalala zamani, na watu walimfunika vizuri. Nani asingechoka mikono?

Hapo sasa ndipo masharti yalipoanza. Serikali hailipi mke, alisema, inalipa mjane. Kwa hiyo lazima pawe na karatasi ya ujane yenye kidole chako na muhuri wa mukungu, mkubwa wa kijiji. Lazima pawe na matanga, kwa sababu mkaguzi atapita kwa majirani kuuliza kama ulilia. Na iko pesa ya stempu, ndogo tu, ambayo itarudi pamoja na mshahara. Halafu haraka: meli inayochukua makaratasi inaondoka Bukoba, ikiondoka bila jina la Kaijage basi tena. Na siri: "Usimwambie Ishengoma habari ya pesa. Mwambie habari ya kifo tu. Unamjua shemeji yako."

Ulimjua. Ndiyo maana ulitii.

Uliuza kahawa yako ingali maua mtini, kwa mfanyabiashara anayenunua maua ili avune yeye, ukapata hiyo ya stempu. Ukampelekea mukungu rubisi, akagonga muhuri wake bila kusoma, kama wanavyogonga hadi leo. Na kidole ulisema hukukibonyeza wewe. Alikushika kidole gumba yeye mwenyewe, akakipaka wino, akakilaza juu ya karatasi kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Nilikuja matangani. Habari ilinifikia mjini kwamba shemeji amefariki, serikali imethibitisha, nikaja kwa lori la kahawa na suti ya kuazima. Nakumbuka kichwa chako kilichonyolewa. Sikuwahi kujua kwamba una masikio madogo kama ya mama. Ishengoma alilia, na sitamsingizia, alilia kilio cha kweli, alikuwa kaka yake. Alileta ndizi, alileta mbuzi. Wewe ulikuwa umekaa juu ya majani kati ya wanawake, na uso wako ulikuwa umelegea, umepumzika, nikauona umri wako kwa mara ya kwanza. Ulinishika mkono ukasema, "Sasa najua alipo."

Neno hilo ndilo ambalo sitamsamehe yule mtu.

Ukasubiri. Kahawa ya wengine ikaiva, yako ikavunwa na mwenye maua. Mkaguzi hakupita. Mwisho ukaja Bukoba kwa miguu, nikakupeleka boma. Tulisimama dirishani na watu wengine waliokuja kulipa kodi. Karani alikuwa kijana wa kwetu, nywele kazichana na kuzipaka mafuta.

"Mama, nani alikwambia?"

"Karani Zakaria."

"Zakaria yupi? Hapa hakuna Zakaria." Akawageukia wenzake ndani. "Jamani, nani anawalipa wabeba mizigo wa ile vita?" Wakacheka. Akarudi kwako. "Mama yangu, hapa hatuwalipi wafu. Hapa tunawatoza kodi walio hai."

Nyuma yetu mtu akacheka pia. Ukauliza kwa sauti ndogo, "Basi ile karatasi ya mto haiko kwenu?"

"Mto gani tena?"

Nilianza kupiga kelele. Nilisema mengi juu ya serikali inayojua njia ya kwenda nyumbani kwa mtu ikitaka mabega yake tu, na haijui njia ikimletea jibu. Nilitolewa nje na askari. Wewe ulitoka kwa miguu yako mwenyewe, ukakaa kwenye nyasi, ukatazama ziwa. Mimi nilikuwa bado nabwata. Ukaniuliza, "Sasa Kaijage yuko wapi?" Nikaketi kando yako, mimi na maneno yangu yote.

Njia nzima ya kurudi Izigo nilifikiri tumemaliza kupoteza. Stempu imekwenda, kahawa ya msimu mmoja imekwenda, aibu imekuja, basi. Mimi msomi sikuona. Wewe uliona, ndiyo maana ulikuwa unatembea haraka hivyo. Ulipofika tu ulikwenda moja kwa moja kwa Ishengoma ukamwambia kifo kile kilikuwa cha uongo.

Baraza la mukungu lilikaa. Ulisimama mbele ya wazee ukiwa na nywele zilizoanza kuota. Ulisema, "Nilidanganywa. Hakuna ajuaye kama Kaijage amekufa. Rudisheni neno langu." Ishengoma akasimama naye, na tena hakuwa na ukali, jambo lililonitia uchungu zaidi.

"Mke wetu, mimi miaka yote nilikuja kwako na matanga ukanifukuza. Sikusema mimi kwamba amekufa, ulisema wewe. Ulinyoa nywele. Nilikuja, nikalia, nikaleta mbuzi akaliwa. Leo unataka niyarudishe machozi yangu machoni?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya.

Mzee wa baraza akanena lile ambalo nimelijibu katika magazeti matatu bila kumtaja, na bado halijanitoka: "Mtu hawezi kuwa amekufa kwa ajili ya pesa, halafu akawa hai kwa ajili ya kibanja."

Ukamwangalia. "Basi nileteeni maiti yake."

Nikaomba kusema, nikasema, nikaliita baraza lile kwa jina lake halisi, nikatozwa faini. Kibanja kikaenda kwa mrithi, kwa halali, mbele ya mashahidi, kwa muhuri. Ishengoma alikuambia unaweza kubaki, kama mke wake, desturi inaruhusu, nyumba ni ile ile. Ulimjibu kwa heshima kwamba wewe ni mke wa kaka yake. Ukachukua jembe, kikapu, na panga, ukaenda kwanza chini ya mbuni ukakaa huko peke yako. Nilisimama barabarani nikikungoja. Kisha ukaja tukaondoka.

Sikiliza sasa nikuambie nilichokigundua nilipokuwa mtu mzima wa kufikiri polepole. Yule mtu hakukitaka kibanja chako. Baadaye nilipita Muleba yote nikiuliza, nikawakuta wanawake wengine aliowaita mke wetu. Kila mmoja alitoa stempu, kila mmoja alibonyezewa kidole. Alizitaka zile stempu tu. Ile karatasi ya ujane ilikuwa pambo, ya kuifanya stempu ionekane ya kweli. Huenda aliitupa vichakani kabla hajafika barabara kuu. Lakini muhuri wa mukungu ulikuwa umegongwa, na majirani walikuwa wamelia, na kitu alichokitumia kama pambo kilikunyang'anya mwanao. Ningeweza kumwelewa mtu aliyekuharibia kwa sababu ya ardhi. Huyu alikuharibia bila hata kujua.

Kwa hiyo nawaambia wanaosoma hapa begani kwako. Mnaangalia pesa inayoahidiwa, mnaangalia na pesa inayoombwa, mnalinganisha, mnaona faida. Acheni. Angalieni karatasi inawaita nani. Ukiweka kidole, unatoka pale ukiwa mtu gani? Mke, au mjane? Mwenye shamba, au mpangaji? Mdai, au mdaiwa? Pesa ya stempu unaweza kuipata tena msimu ujao. Jina ulilokubali kuitwa mbele ya mashahidi hulipati tena. Na anayekurudishia haki yako hana haja ya kuomba yako kwanza, wala haogopi ukimwambia shemeji, wala hana meli inayoondoka. Deni la kweli halina haraka hivyo, aliyekaa nalo miaka yote hashindwi kukungoja umwite mtu akusomee.

Uliishi kwangu Kibeta. Ulilima maharage nyuma ya nyumba. Watu walikuita mjane, maana walikuwa hawajui, nawe uliitikia. Hilo lilikuwa linaniudhi nikakuuliza kwa nini. Ulisema, "Nikikataa nitawaambia nini? Kwamba mimi ni nini?" Hukulia tena kwa ajili ya Kaijage na hukumngoja tena. Vyote viwili yule wa baiskeli alikuwa ameviharibu. Nilikuona siku moja umesimama na lile panga, umeligeuzageuza, kisha ukamwazima jirani bila neno.

Ulipougua, katika mvua zile, niliandika kwa Ishengoma kuomba tukuzike kando ya mtoto. Alikuwa amekufa naye. Mwanawe ndiye mwenye kibanja. Alijibu kwa adabu kwamba mahali hapo sasa ni jiko, na kaburi analolisema mwalimu hakuna anayejua lilipokuwa. Hilo sikukuambia. Nilikuambia barua haijajibiwa. Ukasema, "Imechelewa," ukatabasamu, na ilikuwa mara ya mwisho kukuona unafanya mzaha.

Sasa sababu. Bei ya kahawa imepanda, dada. Ile uliyoniuliza kila mara, imepanda kweli, watu wananunua mabati, wananunua cherehani, hata Ijuganyondo kule mashambani utakuta redio. Na walaghai wamerudi kama siafu wanaposikia harufu. Jumapili iliyopita walipotoka kanisani alikuja mmoja hapa Kibeta, suruali nyeupe, mkoba ule ule wa kifuani kana kwamba huwa wanarithishana. Anasema yale makato ya kahawa ya misimu iliyopita yanarudishwa, ila wanawake waweke kidole na watoe ada ya kuandikisha. Walikuwa wamepanga mstari nyuma ya uwanja. Nilikwenda na fimbo. Nilimwuliza anafanya kazi ofisi gani, nani mkubwa wake, twende naye kituoni sasa hivi tukamwulize, mimi nitamsukumia baiskeli. Aliondoka akisema atarudi na askari. Hakurudi na askari.

Wanawake wakanigeukia mimi.

"Mwalimu, umetufukuzia pesa!" alisema Paskazia, mke wa fundi seremala, jirani yangu wa nyumba ya tatu, mwenye mdomo unaosikika mpaka ziwani. "Wewe una mshahara. Sisi tungekula nini, magazeti yako?"

"Angewala ninyi."

"Ungemwacha atule, tumezoea!"

Wakacheka. Nikawasimulia basi habari yako, bila jina lako, nikitunza ahadi. Niliwaeleza kofia, na mto, na matanga, na baraza. Walisogea karibu. Nikadhani nimewashika. Kisha Paskazia akajifunga vizuri kitenge chake akasema, "Pole yake. Lakini huyo mwanamke naye alikuwa mjinga."

Ndipo nilipojua kwamba siwezi tena kukutunza kwa kukuficha. Bila jina, wewe ni mjinga wa hadithi, na kila mtu anayeisikia anakwenda nyumbani akijua kwamba yeye si mjinga, kwa hiyo yuko salama. Hivyo ndivyo yule mwenye mkoba anavyotaka tufikiri. Naandika jina lako lote ili nimwambie Paskazia na wenzake: alikuwa Kokushubila wa Izigo, aliyewashinda wazee wa ukoo mzima kwa maneno mawili. Aliuliza maswali mazuri kuliko mukungu, kuliko karani, kuliko mimi. Laghai hatafuti mjinga, dada. Anatafuta mtu anayengoja jibu. Na katika nchi hii, ambapo wakubwa hawajibu, sote tunangoja.

Nilikuwa nimefika hapa jana, kalamu ingali na wino, Paskazia akapiga hodi. Hakukaa. Alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye pindo la kitenge. Alikuwa wa kwanza kwenye mstari ule, alikuwa amekwisha kupewa yake kabla sijafika na fimbo, na yule mtu amemwambia wakutane Ijumaa njia ya Kahororo aweke kidole huko, mbali na mwalimu. Nilinyoosha mkono kuichukua, na nilikuwa tayari na hotuba. Akaivuta nyuma kidogo.

"Usinihutubie, waitu," alisema. "Pesa usinisomee. Nisomee tu hapa juu. Hapa nimeitwa nani?"

Nikamsomea. Hakuitwa mdai. Alikuwa ameitwa muuzaji, wa kahawa yake ingali maua mtini.

Lala, dada. Sikukutunzia siri yako.

Mdogo wako, uliyemlea na kumtuma maji